Watafiti Wakifika Kijijini: Namna ya Kuukagua Utafiti Kabla ya Kutoa Damu au Kumeza Dawa

Kigoma ni mkoa unaofuatwa sana na watafiti, na sababu zake ziko wazi. Malaria ni nyingi. Malale ina historia ndefu kuanzia Kibondo na Kasulu hadi Urambo na Kaliua upande wa Tabora. Kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwepo tangu 1996. Utafiti ndio uliotuletea dawa mseto ya malaria na chandarua chenye viuatilifu, kwa hiyo shabaha hapa si kuwafundisha watu kufunga milango. Shabaha ni kuhakikisha kwamba anayekubali anajua anachokikubali, na anayekataa hapotezi kitu.

Mwongozo huu ni wa kaya na wa serikali za vijiji. Fuata hatua zake kwa mpangilio, maana ukianzia katikati, yaani kwenye kutia sahihi, umeshachelewa.

Anza na swali moja: hii ni tiba au ni utafiti?

Tiba inalenga kukuponya wewe. Utafiti unalenga kupata jibu litakalowafaa wengi, na wewe unaweza kufaidika au usifaidike. Mambo haya mawili yanafanana kwa macho: koti jeupe ni lile lile, sindano ni ile ile, na mara nyingi nesi ni yule yule wa zahanati yenu. Dalili za utafiti ni hizi: unapewa namba badala ya jina, unaulizwa maswali mengi kuliko ugonjwa wako unavyohitaji, damu inachukuliwa hata kama huumwi, au kundi lako linachaguliwa kwa kura.

Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kulikowaponza wanaume wa Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani. Kuanzia 1932 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 600, wakulima maskini wengi wao. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya". Walipotakiwa kutobolewa uti wa mgongo ili kutolewa maji ya kupimwa, barua iliwaita waje kwenye matibabu maalumu ya bure. Kufikia 1947 penisilini ilikuwa imekubalika kuwa dawa ya kaswende, lakini wao hawakupewa, ili ugonjwa uendelee kutazamwa hadi kifo. Utafiti huo ulisimamishwa mwaka 1972, tena kwa sababu habari ilifika magazetini. Familia zao zililipiwa mazishi, kwa sharti la kuruhusu maiti ipasuliwe.

Kwa hiyo muulize mtafiti hivi, neno kwa neno: "Kama nisingekuwa kwenye utafiti huu, leo ningetibiwaje?" Halafu: "Nikikataa, hayo matibabu ya kawaida nitayapata zahanati kama kawaida?" Jibu la swali la pili ni ndiyo, bila nyongeza. Ukisikia "ndiyo, lakini", usiende hatua inayofuata.

Karatasi za kuonwa kwanza na mtendaji

Hii ni kazi ya mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, lakini mwananchi yeyote ana haki ya kuomba kuziona. Kwa utafiti wa afya, cheti cha maadili hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mtafiti kutoka nje ya nchi lazima pia awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Ikiwa kinachojaribiwa ni dawa, chanjo au kifaa tiba, kuna kibali cha tatu, cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Baada ya hapo zinakuja barua za kumtambulisha kutoka mkoani, wilayani na kwenye kata. Kwa makambi ya wakimbizi, ruhusa ya kuingia hutoka Wizara ya Mambo ya Ndani.

Cheti kisomwe, kisiishie kutazamwa muhuri tu. Angalia vitu vinne. Kwanza jina la utafiti: lilingane na lile lililoandikwa juu ya fomu ya ridhaa. Majina yakitofautiana, huenda fomu ni ya utafiti mwingine au imebadilishwa baada ya kamati ya maadili kuipitisha. Pili jina la mtafiti mkuu, na kama watu mlio nao wanaweza kuonyesha kwamba wametumwa naye. Tatu maeneo yaliyoruhusiwa. Cheti kinachotaja Mwanza na Geita hakimruhusu mtu kukusanya damu Uvinza. Nne tarehe. Cheti cha NIMR ni cha mwaka mmoja, kisha huhuishwa, na miradi ya miaka mingi ndiyo husahau.

Kosa linalojirudia vijijini ni kudhani kwamba mtendaji akisharuhusu, kaya zimesharuhusu. Hapana. Barua ya mtendaji inamruhusu mtafiti kubisha hodi. Haimruhusu kuchoma sindano mkono wa mtu. Balozi akipita kabla ya watafiti akisema "kila nyumba itoe mtu mmoja", hapo uhuru wa kukataa umeshavurugwa, hata kama karatasi zote ni halali. Mkutano wa kijiji uitwe kutoa taarifa tu, na majina ya wanaokubali yasiorodheshwe hadharani.

Fomu ya ridhaa: isomwe yote, kwa sauti

Fomu nzuri hueleza kwa nini utafiti unafanyika, utafanyiwa nini na mara ngapi, hatari ni zipi, faida ni ipi, nani ataona taarifa zako, na kwamba unaweza kujitoa wakati wowote. Nyingi huyagusa hayo yote. Tatizo huwa kwenye vipimo, na vipimo ndivyo vya kudai.

Damu iandikwe kwa mililita. Neno "kidogo" halitoshi. Mililita 5 ni ujazo wa kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima mwenye afya hatazisikia. Kuchomwa kidoleni kwa kipimo cha malaria ni tone tu. Anayechangia damu hospitali hutoa takribani mililita 450. Kwa hiyo mtu mzima akiambiwa mililita 10 kwa mwezi, hiyo si hatari ya kumnyima usingizi. Kwa mtoto hesabu ni nyingine. Kanuni ya Marekani inayotumiwa kwa tafiti za hatari ndogo inaweka kikomo cha mililita 3 kwa kila kilo ya uzito ndani ya wiki 8, isizidi mililita 50 kwa jumla, na isiwe zaidi ya mara 2 kwa wiki. Mtoto wa kilo 10, basi, asizidi mililita 30 ndani ya miezi miwili. Mikoa yetu ina watoto wengi wenye upungufu wa damu kwa sababu ya malaria. Mzazi aulize kama wingi wa damu utapimwa kwanza, na ni kiwango gani kitakachomfanya mtoto aachwe. Zidisha mwenyewe: mililita za mara moja, mara idadi ya mahudhurio. Fomu nyingi hutaja mara moja tu.

Kisha uliza damu inakwenda wapi. Itapimwa nini? Itahifadhiwa miaka mingapi? Itatoka nje ya nchi? Sampuli kutoka Tanzania hazisafirishwi kiholela. Lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli unaopitia NIMR. Na kutunza damu kwa tafiti za baadaye kuwe na kisanduku chake cha ndiyo au hapana, mbali na ridhaa ya utafiti wenyewe. Watu wa kabila la Havasupai, Arizona, walitoa damu wakiamini ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Baadaye waligundua kwamba damu hiyo imetumika pia kuchunguza ugonjwa wa akili na asili ya uhamiaji wao. Walishtaki, na mwaka 2010 chuo kikuu kikawalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli zao. Kisanduku kimoja kwenye fomu kingeepusha hayo yote.

Majina na simu navyo vina sheria. Tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na taarifa za afya zimo. Picha ya mtoto wako haipigwi kwa simu ya mkusanya takwimu bila ruhusa yako.

Ikiwa ni jaribio la dawa

Hapa tulia zaidi, maana hapa ndipo watu hufa.

Uliza jaribio liko awamu gani. Awamu ya kwanza huhusisha watu wachache, kwa kawaida 20 hadi 100, na lengo lake ni kujua kama dawa ni salama. Hakuna aliyeimeza kabla yao, au ni wachache mno. Awamu ya pili huongeza hadi mamia ya wagonjwa. Ya tatu inaweza kufika maelfu, ikilinganisha dawa mpya na ya zamani. Ya nne hufuatilia dawa iliyokwisha kuruhusiwa sokoni. Kadiri awamu ilivyo ya mwanzo ndivyo uangalizi unavyotakiwa kuwa wa karibu na hospitali inavyotakiwa kuwa jirani.

Tarehe 13 Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park, London, vijana 8 wenye afya walishiriki jaribio la dawa ya TGN1412. Wawili walidungwa maji yasiyo na dawa, sita wakadungwa dawa halisi. Kipimo kilikuwa kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Hata hivyo, ndani ya saa chache wote sita walikuwa taabani, viungo vyao vya ndani vikigoma kufanya kazi kimoja baada ya kingine. Waliokolewa kwa sababu chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa pale pale. Kosa lililochunguzwa sana baadaye ni kwamba walidungwa kwa kupishana dakika chache tu, badala ya kumdunga mmoja, kumngoja, na kumtazama kwanza. Na kampuni iliyotengeneza dawa ilifilisika mwaka huo huo.

Kisa hicho kinatoa maswali matatu ya kuuliza ukiwa Kigoma. Nani ameshaimeza dawa hii kabla yangu, na ni wangapi? Nikizidiwa saa nane usiku, nampigia nani na nafikaje hospitali? Na nikipata ulemavu, bima ni ya kampuni gani, inalipa nini, hata mfadhili akifilisika? Swali la pili lisijibiwe kwa namba ya simu peke yake. Kutoka Kalya au Buhingu hadi hospitali ya rufaa ya Maweni ni safari ndefu, na ziwa likichafuka boti haliondoki. Jaribio la awamu za mwanzo kwenye kijiji kama hicho, bila boti lililokodiwa kwa muda wote na mganga anayelala pale pale, lisikubaliwe. Kitu hiki kiandikwe kwenye fomu, kisibaki ahadi ya mdomo.

Elewa pia kura na kidonge kisicho na dawa. Katika majaribio mengi kompyuta ndiyo inayogawa makundi, na mara nyingi hata mganga hajui nani amepata kipi. Hilo si ujanja. Linazuia mtafiti kujipendelea. Lakini ugonjwa wenye dawa inayojulikana, kama malaria, hauachwi kwa kidonge kitupu. Kundi la kulinganisha lipewe dawa ya kawaida. Fomu ikisema vinginevyo, peleka swali kwa mganga mkuu wa wilaya kabla ya kusaini.

Vipi kuhusu kuambukizwa makusudi? Jambo hili lina mizizi karibu na kwetu. Pale Tinde, kwenye njia panda ya barabara ya kutoka Nzega, watafiti wa serikali ya kikoloni kuanzia 1934 walivipitisha vimelea vya malale kutoka kwa mbung'o hadi kwa kondoo na swala kwa miaka 18. Kila baada ya muda waliwaambukiza binadamu, walioitwa watu wa kujitolea, ili kuona kama vimelea bado vinashika. Chini ya utawala wa aina ile, mwajiriwa wa Kiafrika angemkatalia vipi bwana mkubwa? Miaka ya 2010, huko Bagamoyo, vijana wa Kitanzania nao walidungwa vimelea hai vya malaria kwa utafiti wa chanjo. Kwa juu juu matukio haya yanafanana. Tofauti ni kwamba vimelea vya Bagamoyo vilijulikana kufa kwa dawa iliyokuwepo, washiriki walipimwa mfululizo na kutibiwa, kamati za maadili zilipitia itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, kabla, na walieleweshwa. Utafiti wa namna hiyo unaweza kukubalika kwa ugonjwa unaopona kabisa kwa dawa iliyopo mkononi. Ugonjwa usio na tiba ya uhakika, hapana, hata kama fidia ni kubwa.

Mazungumzo ya ridhaa yenyewe

Yasifanyike siku ile ile ya mkutano. Chukua fomu, lala nayo, mwonyeshe mtu unayemwamini. Kwa vijiji vya wavuvi wa dagaa kuna jambo la kalenda: usiku wa giza wanaume wako ziwani, mchana wamelala. Wakati wa mbalamwezi hupumzika, na hapo ndipo familia nzima inaweza kukaa na kuulizana. Timu inayong'ang'ania wiki ya giza kwa sababu ya ratiba yake itapata ridhaa za haraka haraka.

Lugha nayo ipimwe. Wazee wengi wa Buhigwe na Kasulu hufikiri kwa Kiha hata wakijibu kwa Kiswahili. Njia ya kujua kama mtu ameelewa ni moja: arudishe kwa maneno yake.

"Bibi, hebu niambie wewe, tumekuja kufanya nini?"

"Mmekuja kunipa dawa ya malaria, mjukuu wangu."

Hapo kalamu iwekwe chini. Bibi hajakubali utafiti, amekubali tiba.

"Hapana bibi, sijaeleza vizuri. Wengine watapata dawa mpya, wengine hii ya siku zote. Kompyuta ndiyo inachagua."

"Kwa hiyo hata wewe hujui nitapata ipi?"

"Hata mimi sijui, bibi."

"Na nikisema sitaki?"

"Unakwenda zahanati kama kawaida, unapata dawa yako."

Sasa ameelewa, na akikubali, amekubali kweli.

Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiyelipwa na mradi, na shahidi aandike jina, sahihi na tarehe kwa mkono wake. Shahidi akiwa dereva wa watafiti, hakuna ushahidi. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, tazama Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Pfizer ilijaribu dawa ya trovafloxacin kwa watoto 200, nusu wakipewa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 walifariki. Kampuni ilisema vifo vilitokana na ugonjwa na kwamba wazazi walikubali kwa mdomo. Wazazi walisema hawakuambiwa kuwa ni jaribio. Fomu zilizosainiwa hazikuwepo. Kesi iliburuzwa miaka mingi hadi makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano mwaka 2009.

Mume hatoi ridhaa kwa niaba ya mke. Mzazi au mlezi humruhusu mtoto wa chini ya miaka 18, lakini mtoto mwenye akili ya kuelewa aulizwe, na akilia akikataa, aachwe. Mkimbizi aambiwe waziwazi kwamba mgawo wake wa chakula na faili lake la ukimbizi havihusiani na jibu lake.

Nakala ya fomu ibaki nyumbani kwako, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki. Bila hiyo huna namba ya cheti wala simu ya kulalamikia.

Kuhusu pesa: kurudishiwa nauli na kufidiwa siku ya kazi ni haki. Kiasi kinachomfanya mtu afiche ugonjwa wake ili asikose kuandikishwa ni hatari kwake mwenyewe, kwa kuwa dawa itamkuta na tatizo ambalo mganga halijui. Malipo yatolewe kila hudhurio. Yakilimbikizwa hadi mwisho, mtu hushindwa kujitoa.

Kujitoa na kulalamika

Kujitoa hakuhitaji sababu. Sema mbele ya mtu mmoja, andika tarehe nyuma ya nakala yako, na uulize kama damu iliyokwisha kuchukuliwa itatupwa au itaendelea kutumika. Ikiwa umekuwa ukimeza dawa, kubali kupimwa mara ya mwisho. Kuacha baadhi ya dawa ghafla kuna madhara yake.

Ukipata madhara, mjulishe mtafiti siku hiyo hiyo. Kwa kanuni za kimataifa, tukio lisilotarajiwa linalodhaniwa kusababishwa na dawa, likiwa limeua au kuhatarisha maisha, lazima mamlaka ya dawa ijulishwe ndani ya siku 7. Likiwa zito bila kufikia hapo, siku 15. Madhara ya dawa yanaweza pia kuripotiwa TMDA kupitia kituo cha afya, kwa fomu ya njano. Asipokusikiliza mtafiti, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya, na umwandikie katibu wa kamati ya maadili ya NIMR. Anwani yake iko chini ya fomu ya ridhaa. Taja namba ya cheti, tarehe, kilichotokea, na waliokuwepo. Andika mapema. Peter Buxtun, mtumishi wa idara ile ile ya afya ya Marekani, alianza kulalamikia utafiti wa Tuskegee ndani ya idara yake mwaka 1966, na ikachukua miaka sita.

Daftari la kijiji

Ofisi ya mtendaji ifungue daftari moja la tafiti. Safu zake: tarehe ya kufika, jina la utafiti, namba ya cheti na siku kinapokwisha, mtafiti mkuu na simu, kinachochukuliwa na kwa kiasi gani, idadi ya kaya zilizoombwa, na tarehe waliyoahidi kurudi kutoa matokeo kwenye mkutano wa kijiji. Safu hii ya mwisho ijazwe kabla timu haijaanza kazi, mkuu wa timu aisaini. Timu nyingine ikija, mtendaji afungue ukurasa wa nyuma kwanza: kaya zile zile zisichomwe sindano na miradi miwili ndani ya wiki 8, na taasisi iliyoondoka na damu bila kurudi na majibu iulizwe majibu hayo kabla ya kupewa orodha ya vitongoji.